Chiriku na Tambuu ya Posa

"Jamani, mko macho?"

"Tuko macho, Bibi!"

"Niitoe au niimeze?"

"Itoe, tuionje!"

Basi hapo zamani za kale, Chiriku alikuwa mshenga wa wanyama. Kusema alikujua. Kusikiliza, aa, hakukujua hata chembe.

Posa ya kwanza aliivunja. Kabla hajaitikiwa hodi, alishatoboa kwamba bwana harusi anakoroma. Posa ya pili akaivunja. Njiani alisikia ngoma, akacheza, akacheza. Alipofika, ujumbe umemtoka. Akamposa bibi wa bi harusi! Ajuza alifurahi kweli, lakini posa ikafa.

Akaja Digidigi, kijana mpole. "Dada Chiriku, nampenda binti wa Mama Paa. Washenga wote niliowatuma, mama mtu kawafukuza. Na wazee wamesema, ukiharibu na hii, ushenga anapewa Kunguru."

Desturi ya huko, mshenga hubeba jani la tambuu mdomoni, na halitui mpaka mama wa binti alipokee. Chiriku siku zote alilificha bawani, ili mdomo upate nafasi. Safari hii aliogopa. Akalibana mdomoni, akaruka.

Akapita kwa Njiwa. "Shoga, njoo nikupe umbea!" Chiriku kimya.

Akapita penye ngoma. Miguu ikamwasha. Chiriku mbele kwa mbele.

Akamkuta Kunguru tawini. "Kumbe leo bubu! Nani kakushona mdomo, we mropokaji?" Lo! Jibu lilimjia, kali kama pilipili. Akalimeza, akapita.

Akabisha hodi kwa bawa. Mama Paa akatoka, jani asilipokee.

"Mwingine wa Digidigi huyo! Wenzio wamemsifu huyo bwana mpaka kichwa kimeniuma."

Chiriku kimya.

"Na zawadi zenu sizitaki!"

Kimya.

Mama Paa akamtazama, sauti ikamshuka. "Mwanangu ni huyu mmoja tu. Akipelekwa ng'ambo ya mto, nikiugua nani atanichemshia uji?" Ndipo akalipokea jani, machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, mama," Chiriku akasema taratibu. "Nimesikia hivi: kijana humkatai. Unachoogopa ni kubaki peke yako. Ndivyo?"

"Ndivyo hasa, mwanangu! Wewe ndiye wa kwanza kunisikia."

Chiriku akarudi moja kwa moja, bila kupinda kona. "Kaka Digidigi, jenga upande wa kule wa mto, jirani na mkweo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Kesho nakata miti!"

Harusi ikafana, vigelegele hadi alfajiri. Chiriku akabaki na kazi yake. Haukupita muda, Kunguru akaja mwenyewe, kichwa chini, anataka kuposewa.

"Sema, bwana," Chiriku akamwambia, "nakusikiliza."

Basi wajukuu zangu, anayetaka kufanikiwa kazini asikilize kwanza, akishike alichotumwa, ndipo aseme, tena kwa uchache.

Yangu imeishia hapo. Iliyo tamu kaeni nayo, iliyo chungu nirudishieni mwenyewe.