Saa Sita ya Nakijwa

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali zamani za juzi tu, bondeni chini ya milima ya Upare palikuwa na kituo kidogo cha utafiti. Humo alifanya kazi Nakijwa, mtafiti mcha Mungu, mwepesi wa kusema "nimekosa". Na bonde lile lilikuwa na homa iliyomaliza watoto. Kila asubuhi watoto walitolewa damu, kila asubuhi hadubini haikuonyesha kitu, kila jioni mama mmoja alilia.

Siku moja Mzee Senkondo, bingwa wa hadubini pale kituoni, alichelewa kutoka mazikoni. Akapima damu adhuhuri. Lo! Vidudu vilijaa kama mchele kwenye ungo. Kumbe asubuhi hujificha, jua likifika utosini hutoka!

Lakini Senkondo alinyamaza. Mwaka ukapita, akanyamaza. Wa pili ukapita, akanyamaza.

Siri ilipomlemea, akamfunulia Nakijwa. "Watanicheka," alisema.

"Wakucheke, mzee, watoto wapone," Nakijwa akamjibu. Akapima naye upya, akaandika makala kwa Kiingereza, akaipeleka kwenye jarida la wasomi wakubwa. Jina la Nakijwa likatangulia, maana mzee alisema, "Kama ni matusi, yaanze na wewe, mwanangu."

Sasa, wasomi wana desturi yao: ukigusa kazi ya mtu, umtaje, na anayetajwa sana ndiye mkubwa. Nakijwa akangoja kutajwa. Akatajwa! Akatajwa na watu wa miji asiyoweza hata kuitamka. Akasoma kwa shukrani: "Nakijwa na mwenzake wamekosea." Akafungua makala nyingine: "Hatukuona kitu." Akafungua ya Eliamini, daktari kijana wa mjini: "Nakijwa na mwenzake wameota mchana."

Kadiri alivyotukanwa ndivyo alivyotajwa, na kadiri alivyotajwa ndivyo alivyokonda.

Ila Eliamini hakutosheka na kutukana. Akapanda basi, akaja kituoni kujionea. Jua linachomoza, akapima.

"Dada, hakuna kitu. Si nilisema?"

"Subiri, daktari. Saa bado."

"Bado vipi? Mmeandika saa kumi na mbili asubuhi."

"Nani? Sisi tumeandika saa sita!"

"Sita ya Kizungu, dada! Sita ya Kizungu si ndiyo kumi na mbili yetu?"

Nakijwa akashika kichwa. Saa alikuwa ameiandika kwa mdomo wa nyumbani! Naye Senkondo aliisoma makala ile tena na tena, na kila alipoifikia ile sita, moyoni mwake jua lilikuwa utosini.

"Nimekosa," Nakijwa akasema. "Nimewaamsha walimwengu kutafuta vidudu vilivyolala."

"Na wewe kijana, Mswahili mwenzetu, hukushtuka?" Senkondo akafoka.

"Mzee, mimi Kiingereza nakisoma kwa Kiingereza."

Adhuhuri wakapima tena. Eliamini akainama kwenye hadubini, akakawia kuinuka. Alipoinuka alikuwa mnyonge. "Mungu wangu," akasema.

Nakijwa akatubu katika jarida lilelile: "Kosa la saa ni langu." Eliamini akawaandikia wote waliokanusha, na kwa kuwa ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, wakamsikiliza. Wakapima adhuhuri. Hapo ndipo lilipotokea la kustaajabisha. Watu wale, kwa kutaka kumuumbua Nakijwa, walikuwa wamekwisha kupima asubuhi katika mabonde ya nchi zote za joto. Sasa asubuhi ikawekwa kando ya adhuhuri, na homa ikaonekana ilikojificha, hata kwenye mabonde ambayo hakuna aliyeidhania. Saa ingeandikwa sawasawa, makala ya bondeni ingesomwa na wawili watatu, ikasahauliwa. Sasa ikawa ndiyo inayotajwa kuliko zote za nchi ile, na watoto wa mbali wakapona. Nakijwa akayasoma majina ya mabonde yale, moja moja. "Bwana," alinong'ona, "hata kosa langu umelituma kazi!"

Basi pale kituoni ikajengwa wodi ya watoto. Wodi moja, jina moja, na mwenye jina ndiye atakayeiongoza. Wakuu wakamwambia Nakijwa, "Makala ilianza na jina lako. Mtaje wewe anayestahili."

Senkondo akasema, "Mimi niliona. Bila jicho langu mngeandika nini? Kweli nilinyamaza, na watoto walizikwa nimenyamaza."

Eliamini akasema, "Mimi nilikuja. Wengine walikanusha wameketi, mimi nikapanda basi. Bila mimi saa ingebaki ileile. Kweli niliwatukana."

Moyo wa Nakijwa nao ukasema: mimi nilithubutu, nikaaibika, nikatubu. Kisha ukamgeuka: ewe, ulikosea! Nani hulipwa kwa kosa? Na kosa lililoponya watoto, ni lako au ni la Mungu?

Akina mama wakasogea, watoto migongoni. Fundi wa kibao cha jina la wodi akachovya brashi, akamtazama Nakijwa mdomoni.

Haya, jamani mlioketi, rangi inakauka na fundi anangoja. Je, nani alistahili?