Chokaa Juu ya Riwaya ya Saba

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, zamani hii hii ya juzi, aliishi Ujiji mwanamke aitwaye Chausiku binti Mrisho. Kazi yake kuchora na kuandika riwaya. Tegeni masikio, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Chausiku alichora kwanza, akaandika baadaye. Kila mtu wa riwaya yake alimchora kwa mkaa kwenye ukuta wa uani, kuanzia mlango wa jiko mpaka mlango wa choo, kisa kikienda picha kwa picha. Kisha huketi mkekani, akautazama ukuta, akaandika. Riwaya ikiisha, anapaka chokaa mwenyewe, anaanza nyingine. Riwaya sita alizitoa hivyo kwa miaka arobaini. Na watu walimwitaje? Mchafua kuta! "Chausiku, haya mambo ya kitoto utaacha lini?" Miaka arobaini, jamani! Hata anayefagia njia huambiwa pole na kazi.

Riwaya ya saba ilimhusu mama yake na ndoa iliyomtesa. Alichora miaka minne. Nusu alikuwa ameshaiandika, nusu ilikuwa ukutani tu. Siku mbili kabla ya Idi akaenda mjini kununua karatasi. Aliporudi, ukuta ulikuwa mweupe pee.

Wifi yake Tabu, mke wa kaka yake, amesimama na ndoo ya chokaa, anatabasamu.

"Wifi, nimekupunguzia kazi. Wageni wa Idi wanakuja, nami naona haya kwa madoa yale."

"Tabu! Umemfuta mama yangu!"

Chausiku alikaa chini palepale, kwenye chokaa mbichi, akalia kama mfiwa. Alichora ili asilazimike kukumbuka, na sasa akifumba macho aliona weupe mtupu. Idi ile pilau hakuigusa.

Nyumba hiyo ilikuwa na mpangaji, Sudi, fundi baiskeli. Miaka yote minne alikunywa chai ya asubuhi akiwa ameuelekea ukuta ule. Akamwambia, "Dada, futa machozi. Mimi nilikuwa nausoma kila siku. Shika kalamu."

Akamsimulia picha moja, akamsimulia ya pili, hakuruka hata moja. Chausiku akaandika. Walipofika ya mwisho, Sudi akasema, "Hapa mama anafungua mlango, anatoka, hageuki nyuma."

Lo! Picha hiyo ndiyo pekee Chausiku aliyoikumbuka vizuri. Alimchora mama yake ameketi kitandani, amekubali yote aliyotendewa. Sudi alikuwa amekosea. Na kosa lake lilikuwa zuri kuliko picha. Chausiku, moyo unamuuma, akaandika kama alivyosikia. Kwa miezi minne kitabu kikaisha, akakinakili, nakala moja akampelekea mchapishaji.

Barua ya mchapishaji ikaja, akaisoma uani kwa sauti. "Tumekipenda, hasa mwisho wake. Tuletee jina la mwandishi la kuweka jaladani. Jina moja tu, ndio utaratibu wetu."

Sudi akakohoa. "Dada Chausiku, mimi sina makuu. Ila wamesema hasa mwisho. Mwisho ule umetoka kinywani mwangu. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Na mimi je?" Tabu akadakia. "Miaka minne unachora jicho, unafuta jicho! Nisingepaka chokaa ungekuwa ukutani mpaka leo. Kitabu kimeisha kwa sababu yangu."

Mmemsikia? Na hana hata haya usoni!

Chausiku akasimama kwa hasira. "Tabu, ulinipa hata kipande cha mkaa? Nilipoitwa mchafua kuta, si wewe uliyecheka kuliko wote? Na wewe Sudi, umekumbuka, sawa, Mungu akulipe. Lakini umekumbuka nini, kama si nilichokichora mimi? Vidole hivi vimekuwa vyeusi tangu nikiwa msichana. Sikupata sifa, sikupata pole. Leo jina linatakiwa, ndipo wote mmekuwa waandishi?"

Sudi hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Chausiku zaidi. Akasema taratibu, "Basi dada, rudisha mwisho wako. Mama akae kitandani. Jina liwe lako peke yako, nami sitafungua mdomo."

Chausiku akaichomoa karatasi ya mwisho ya nakala yake ili aichane. Kabla ya kuichana akaisoma tena. Mama yake anafungua mlango, anatoka, hageuki nyuma. Maisha yake yote alitamani kumwona mama akifanya hivyo, na mkono wake mwenyewe haukuthubutu kumchora. Karatasi ikamshinda kuchana.

Mimi hasira zimenijaa mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani. Barua inasubiri majibu, kalamu iko mkononi mwa Chausiku. Haya, nyinyi mliosikiliza, semeni: jaladani aandike jina la nani?