Jini Aliyekwenda Kazini
Mlio macho itikeni, niwape ya zamani.

Mwanasiti alikuwa msokota kamba katika banda la mfalme, alfajiri hadi magharibi. Alitamani siku moja tu awapikie wanawe kwa mkono wake. Badala ya kumwomba Mungu akanung'unika, kama nifanyavyo mimi.

Jini akamtokea jikoni.

"Nikupikie?"

"La."

"Nikulelee wanao?"

"La, baba."

"Basi nivae sura yako, nikakusokotee kamba?"

Hapo akakubali upesi.

Jini akaenda bandani, naye Mwanasiti kutwa akapika wali wa nazi, akamsuka bintiye nywele. Lakini jini yule hakuweza kutamka bismillahi ya kuanzia kazi, na kamba zake zote zikafumuka.

Kesho yake msimamizi, Bi Hazina, akauliza, "Nani kaharibu kamba? Leo anafukuzwa."

Mwanasiti angeweza kusingizia unyevu. Akasema, "Ni mimi, bibi. Nilimtuma jini, kwa hamu ya nyumba yangu."

Bi Hazina akacheka hadi akakaa chini. "Mjinga wewe, si ungeniambia? Kwani makumbi ya kusokotea kamba yamefungwa hapa bandani? Yabebe, ukasokotee kwako."

Tangu hapo anasokota barazani kwake, chungu kikichemka ndani. Kikifurika anainuka, na hakuna amwulizaye anakwenda wapi.

Ngano imefika kwake. Nasi twende kwetu.