Begi la Edina na Fimbo Chotara

Sogeeni karibu, na yule anayetafuna mahindi atafune polepole, maana hadithi hii ina mahali pa kunyamaza. Sihitaji kuitikiwa leo. Ninachohitaji ni hukumu. Aliyekuja kusikiliza tu, akitumaini ataondoka bila kuamua lolote, mlango uko wazi.

Walikuwepo watu watatu huko Luvanga, nyanda za juu, kwenye mashamba ya chai. Wa kwanza ni Skola, mchuma chai, aliyejaliwa macho. Akikutazama unavyopanda mlima, atakwambia kiatu kipi kinakubana. Wa pili ni Festo, fundi baiskeli, aliyejaliwa mikono. Kitu kikivunjika Luvanga, hakuna aliyesema kimekufa mpaka Festo akishike. Wa tatu ni Shangazi Anyesi, muuza viazi, aliyejaliwa ulimi. Neno lake moja lilitosha kukufukuza sokoni, na neno lake jingine lilitosha kumwinua mgonjwa kitandani.

Katikati yao alikuwepo Edina. Skola alikuwa wifi yake, Festo mdogo wake, na Anyesi dada wa baba yake. Edina yeye alijaliwa wasiwasi, na begi la gofu.

Mnacheka. Basi ngoja niwaeleze habari ya begi hilo, ndiyo mtajua kwa nini mimi mwenyewe sicheki.

Katikati ya mashamba hayo kuna uwanja wa gofu wenye klabu yake, na klabu ina desturi. Bingwa akipewa fimbo mpya, begi lake la zamani haendi nalo nyumbani. Hulikabidhi mbele ya watu wote kwa mtu mmoja, akisema, "Huyu ndiye aliyenifikisha." Mtu huyo huitwa mtu wa begi. Hata awe mkata nyasi, akiwa na begi hilo anafunguliwa geti na kucheza kama mwanachama mpaka afe. Ila begi haligawanywi, na mtu wa begi ni mmoja tu.

Baba yake Edina alikuwa mkata nyasi. Alimbebea begi bingwa fulani miaka mingi, akawa mtu wa begi, na alipokufa akamwachia Edina, mzaliwa wake wa kwanza. Edina akaupenda mchezo ule mpaka wifi zake wengine wakasema ameolewa na uwanja.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia. Kamati mpya ya klabu ilitangaza kwamba begi la kurithi lina mwisho. Mrithi ambaye hatatwaa kombe la akina mama mwaka huu atalirudisha getini, na yeye abaki nje. Edina alikuwa ameshindania kombe hilo mara mbili. Mara zote mbili alifika shimo la mwisho akiwa anaongoza, na mara zote mbili mpira wake ulizama kwenye bonde la matete, hatua chache kabla ya bendera. Alikuwa akilivuka bonde kwa chuma namba tatu, fimbo ambayo baba yake aliipenda kuliko zote. Alijiambia kwamba ni mikono yake inayotetemeka. Wengine walimwambia ni mkono wa mtu. Akakonda kwa mawazo.

Hapo Skola akatumia macho yake. Alikuwa akichuma chai kwenye mteremko unaolitazama bonde, na kwa misimu mingi alikuwa ameona mipira ya watu wengi ikivuka na mingine ikizama. Jioni moja alimkuta Edina jikoni, akamwita nje.

"Wifi, mikono yako haina ubaya wowote," alisema. "Mpira wako haupandi. Unapita chinichini kama mtu anayeingia kwenye mlango mfupi. Wanaovuka bonde lile wana fimbo yenye tumbo."

"Tumbo?"

"Tumbo. Ndogo, lakini ipo. Mpira unapaa, unatua polepole, unakaa."

Edina akaelewa. Skola alikuwa anazungumzia fimbo chotara, ile ambayo baba yake ni chuma na mama yake ni mbao, imechukua wembamba wa mmoja na kitambi cha mwingine. Akahisi nafuu, kisha hofu kubwa kuliko ya kwanza. Kama kosa si mikono, kosa ni fimbo ya baba.

Akaanza kuuliza watu, na mwenye wasiwasi akiuliza watu anaongezewa. Jirani mmoja alimwambia, "Mchagua jembe si mkulima." Mwingine akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Wa tatu akacheka: "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Mimi ningekuwepo ningemwambia mti hauendi ila kwa nyenzo, lakini sikuwepo, na methali zote nne ni za kweli, ndiyo shida ya methali.

Hapo Festo akatumia mikono yake. Karakana yake ilikuwa na kichwa cha fimbo chotara, kilichookotwa chini ya miti ya misindano baada ya mgeni mmoja kuivunja ya kwake kwa hasira. Festo alikuwa akikitumia kukandamizia viraka vya matairi. Kichwa kilikuwa kizima. Mpini ndio haukuwepo.

"Mpini unaofaa ninaujua," Festo alisema, akilitazama begi.

Edina naye aliujua. Ulikuwa kwenye chuma namba tatu ya baba.

"Dada, nikikipasha moto kichwa cha chuma, kitatoka," Festo alisema. "Lakini mpini huu ni mzee. Sina hakika utavumilia moto mara ya pili. Tukishabadilisha, tumebadilisha."

"Na shangazi?"

Festo alikuna kichwa. Kwao, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka dada yake atoe neno, na dada wa marehemu ni Shangazi Anyesi, mwenye ulimi ule. Nani angekwenda kumwambia? Walitazamana, hakuna aliyejitolea.

Edina alikaa karakanani mpaka chai aliyopewa ikapoa. Alipanga na kupangua. Akibaki na chuma, atapoteza begi lote. Akiuvunja urithi na bado mpira uzame, atakuwa amepoteza begi na baba pamoja. Mwisho akasema, "Fanya," akatoka nje asione.

Festo alifanya kazi ile kama anayemtoa mtoto mwiba jichoni. Alikitoa kichwa cha chuma bila kuuchubua mpini, akasafisha, akatia gundi, akakifunga kichwa kipya na kukilaza sawasawa. Hakuna fundi mwingine wilayani ambaye angethubutu. Edina akaivika fimbo ile soksi, watu wasiione. Nasema watu, lakini nyote mnajua ni mtu mmoja tu aliyekuwa akifichwa.

Na mtu huyo, siku ya mashindano, alifika getini alfajiri amejifunga kitenge, akasalimu kwa kikwao, "Kamwene! Nani anabeba begi?"

"Bado sijapata mtu, shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Umepata. Kaka yangu alibebea wageni maisha yake yote, mimi nishindwe kumbebea mtoto wake?"

Edina angesema nini? Akakubali. Shimo baada ya shimo akaikwepa fimbo yenye soksi. Akapiga kwa chuma namba nne, akapiga kwa ile ya mbao, akapoteza mapigo ambayo hakuwa na sababu ya kuyapoteza. Walipofika shimo la mwisho alikuwa sawa kabisa na mpinzani wake, mama mmoja kutoka mjini, ambaye alikuwa ameshalimaliza shimo hilo kwa mapigo manne na anasubiri.

Mbele yao bonde la matete. Ng'ambo bendera. Juu ya mteremko, Skola amesimama na kapu lake mgongoni, ameziba mdomo kwa kiganja, maana sheria inamruhusu mchezaji kutafuta ushauri kwa mbeba begi wake peke yake. Karibu na kamba za watazamaji, Festo anajiuliza kama gundi itashika.

"Nipe namba nne, shangazi," Edina alisema.

Shangazi Anyesi hakujua gofu, lakini alijua sauti ya mtu anayeficha kitu. Amesikia sauti hiyo sokoni maisha yake yote. "Na hii yenye soksi? Mbona toka asubuhi unaiogopa kama nyoka?"

Akaivuta. Akaivua soksi.

Nilisema kuna mahali pa kunyamaza. Ni hapa.

Aliutazama mpini. Karibu na mshiko palikuwa na herufi mbili ambazo kaka yake alizikwaruza kwa msumari. Akakitazama kichwa, asikijue.

"Umemvunja kaka yangu?"

"Ndiyo, shangazi." Edina alikuwa akilia sasa, wazi, mbele ya klabu nzima. "Kichwa kimetoka. Mpini ni wake."

Festo alifumba macho. Aliujua ulimi ule, na alijua kwamba neno moja baya hapo lingemmaliza dada yake.

Shangazi Anyesi akaupitisha mkono wake juu ya mpini, juu mpaka chini.

"Kaka yangu hakuwa kichwa," alisema. "Kichwa hakuwa nacho kabisa, Luvanga yote inajua. Kaka yangu alikuwa mgongo. Na mgongo wake huu hapa, haujapinda." Akamkabidhi fimbo. "Futa machozi, mpira haupigwi na kipofu. Piga."

Edina akapiga. Mpira ukapaa. Ukapita juu ya matete, ukatua ng'ambo polepole, ukakaa. Mapigo mawili mafupi baadaye kombe lilikuwa lake, na Skola alikuwa akishuka mteremko mbio, majani ya chai yakimwagika nyuma yake.

Laiti ingeishia hapo, tungepiga vigelegele tukalale. Lakini bingwa huwa mwanachama kamili, na hupewa fimbo mpya. Mwaka huo mfadhili alileta begi zima la chotara za kisasa, vichwa vinang'aa. Katibu wa klabu alilisimamisha mezani, akasema, "Bingwa, chagua. Ukichukua hili, la zamani litoke. Mtu wa begi ni nani?"

Edina akaweka mkono mmoja kwenye begi jipya na mwingine kwenye la zamani.

Skola alisema, kwa sauti ndogo, "Wifi, mimi nimeutazama uwanja huu kutoka kwenye chai tangu nikiwa msichana. Naujua kila mpira ulipoangukia. Sijawahi kuukanyaga."

Festo alisema, "Dada, lilikuwa begi la baba. Alipokupa wewe sikusema neno. Nikakutengenezea. Sitasema neno leo pia." Lakini alikuwa ameshalisema.

Shangazi Anyesi alisema, "Mnadhani nililibeba kunyoosha mgongo? Nimebeba mizigo ya watu toka ujana. Mimi nami nataka kupiga kitu. Na kaka yangu yumo humo ndani."

Najua wajanja mnachotaka kuniambia. Akatae fimbo mpya, abaki na begi la zamani, asimuudhi mtu. Sawa, akatae. Basi wote watatu wabaki nje ya geti, na yeye acheze peke yake na mpini uliokwisha kupita motoni mara moja. Au ampe kila mmoja fimbo moja moja? Nimesema begi haligawanywi. Katibu ameshaangalia saa.

Bila macho, Edina angekuwa bado analaumu mikono yake. Bila mikono, fimbo isingekuwepo. Bila ulimi, fimbo ingelala ndani ya soksi na kombe lingekwenda mjini.

Hadithi hii niliwahi kuwasimulia mafundi, wakapiga meza wakasema Festo, hata mjadala hakuna. Nikawasimulia wachuma chai, wakasema Skola. Akina mama wa sokoni hawakuningoja nimalize. Kwa hiyo leo, kabla sijaipokea hukumu yako, nitaitazama kwanza mikono yako nijue umetokea wapi.

Haya. Edina amesimama, jasho linamtoka kwenye baridi ya Luvanga. Watu watatu anaowapenda wanamtazama mdomoni, na wawili kati yao atarudi nao nyumbani akiwa amewafungia geti. Mwamulie wewe, mimi nimeshindwa: begi la mkata nyasi liende mgongoni kwa nani?