Fisi Alivyougawa Muziki

Mwaka huo mvua ilipita mbali. Wanyama waliyaona mawingu yakielekea kwa wengine, wakayatazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemtegemea akiingia nyumba ya jirani. Mito ikabaki mchanga. Madimbwi yakawa tope, tope nalo likakauka na kupasuka. Mwishowe likabaki bwawa moja tu, chini ya kilima alikokaa Simba.

Wote wakahamia hapo, na kila mmoja akaja na desturi ya kwao. Katika mbuga ile hakuna aliyekunywa maji bila kuimba kwanza. Tembo na ukoo wake walipiga ngoma mpaka ardhi ikatikisika. Bi Korongo aliimba taarabu, shingo ikiyumba taratibu na jicho moja limefumbwa. Tumbili alicharaza gitaa, na jamaa zake wakacheza dansi. Vyura walikuwa na kwaya, na waliimba hata pale ambapo hakuna aliyewaomba.

Zamani kila mmoja aliimba kwenye dimbwi lake bila kumsumbua jirani. Sasa waliimba wote kwenye bwawa moja, kwa wakati mmoja, na kila mmoja alipandisha sauti ili mwenzake asiizime. Simba hakupata usingizi. Akashuka kilimani macho mekundu.

"Nimechoka!" alisema. "Mimi nikinguruma, mbuga nzima hunyamaza. Jana nimenguruma, Chura akaniambia nimeingia kabla ya zamu yangu!"

Wanyama wakainamisha vichwa. Chura akazama kidogo majini.

Ndipo Fisi akajitokeza mbele, amejipangusa vumbi na kuyalaza manyoya yake. "Bwana Mkubwa," alisema, "muziki hauna kosa. Kosa ni kuchanganya. Ngoma imeingia kwenye taarabu, taarabu imeingia kwenye dansi, ndiyo maana masikio yako yanauma. Kila aina ipewe siku yake ya kunywa. Siku ya ngoma waje wa ngoma peke yao, siku ya taarabu waje wa taarabu."

"Na nani atajua huyu ni wa aina gani?"

"Nina masikio, bwana," alisema Fisi kwa unyenyekevu.

Alichokuwa nacho hasa ni tumbo, lakini siku hiyo hakuna aliyelitazama. Simba akakubali, na kufikia jioni alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba wazo lile lilimjia yeye mwenyewe akiwa amelala.

Fisi akazungusha ua wa miiba kulizunguka bwawa, akaacha mlango mmoja, akakaa hapo. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wa ngoma walikuja siku yao, wakapiga, wakanywa, wakaondoka. Simba alilala hadi akakoroma. Wanyama wakasema, kumbe Fisi naye ana akili.

Kisha siku moja akaja Nyani, binamu yake Tumbili. Alikuwa na gitaa mkononi, lakini akipiga nyuzi mara mbili, analipiga tumbo la gitaa kwa kiganja kama ngoma.

"Simama hapo," Fisi alimwambia. "Unachopiga ni ngoma au dansi?"

"Mjomba, mimi nimekuja kunywa."

"Nimekuuliza muziki, sikukuuliza kiu."

Nyani akajikuna kichwa. Hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Alikuwa amebeba sega la asali, akaliweka chini ili ajikune vizuri zaidi. Fisi akalitazama sega lile. Masikio yake yakasimama.

"Aa! Sasa nasikia," alisema huku akilivuta kwake. "Ni dansi. Dansi safi kabisa. Pita."

Tangu siku hiyo Fisi alielewa kazi yake. Mwenye aina inayojulikana hupita bure. Mwenye shaka huleta kitu. Basi akaanza kutengeneza shaka. Ngoma akaigawa: kuna ngoma ya miguu na ngoma ya mkonga. Taarabu akaipasua ikawa ya kukaa na ya kusimama. Akatenga dansi la wenye mikia na dansi la wasio na mikia. Kwaya ya vyura aliitenganisha kati ya wanaovimbisha mashavu na wanaovimbisha koo, na vyura wenyewe wakashinda siku nzima wakikaguana.

Aina zilivyoongezeka, zamu nazo zikawa mbali. Kiu ilizidi, na ugomvi ulizidi. Ndugu walioimba pamoja tangu utotoni walianza kusema "sisi" na "wale". Tembo wa miguu walipokutana na tembo wa mkonga njiani, walipishana bila salamu, wakati mama yao ni mmoja.

Tena kulikuwa na siku ambazo mlango ulifungwa kabisa. Ukiuliza, Fisi anakuambia leo ni siku ya mahadhi mapana, au leo ni siku ya mdundo wa ndani. Hakuna aliyejua wenye muziki huo ni akina nani. Ilisikika tu sauti ya mtu akinywa.

Katika wanyama wale alikuwepo Bi Kanga, mama wa vifaranga wengi na mjane. Wimbo wake aliachiwa na mama yake. Sauti ilipanda na kushuka taratibu kama ya Bi Korongo, lakini miguu ilichakura ardhi kwa mdundo wa ngoma, na kwenye kiitikio vifaranga walipokea kama kwaya. Wimbo haukuwa na jina. Ukimwuliza ni wimbo gani, atakuambia ni wa nyumbani.

Alipofika mlangoni, Fisi alimsikiliza huku ameinamisha kichwa kama daktari.

"Mama, una ugonjwa," alisema. "Mdomo wako ni taarabu, miguu yako ni ngoma, watoto wako ni kwaya. Rudi siku ya taarabu, na miguu uiache nyumbani."

Bi Kanga akarudi siku ya taarabu. Akasimama wima, akabana miguu, akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, ikatoka kama mlango unaohitaji mafuta.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Miguu ikisimama, na sauti inasimama. Tafadhali, watoto hawajanywa. Wanywe wao, mimi nitasubiri."

Fisi akasogea karibu. "Nyumbani umeacha mayai?"

"Yapo machache, nayaatamia."

"Mayai husaidia sana masikio," alisema Fisi. "Ukiniletea, huenda nikasikia wewe ni wa aina gani."

Bi Kanga alirudi nyuma hatua moja. Aliwakusanya watoto wake chini ya mbawa, akaondoka. Alijizuia mpaka alipofika nyuma ya kichuguu, hapo akalia.

Nyuma ya kichuguu alikuwepo Sungura, akitafuna mzizi ili apate japo unyevu wa ulimi. Alimsikiliza Bi Kanga mpaka mwisho.

"Wewe umeambiwa huna aina," alisema Sungura. "Mimi ninayo. Nimewekwa kwenye muziki wa masikio marefu. Nikauliza siku yetu ni lini, nikaambiwa baada ya siku nyingine zote kwisha. Nikauliza zitakwisha lini, nikaambiwa kwa sasa zinaongezeka."

Bi Kanga akacheka bila kutaka, machozi yangali usoni.

"Mayai usipeleke," Sungura alisema. "Kesho njoo na wimbo wako wote, na miguu yako yote."

Sungura akapanda kilimani moja kwa moja. Alimkuta Simba akijilamba kifua.

"Bwana Mkubwa, wanyama wanataka kukufanyia sherehe, kukushukuru kwa sheria yako nzuri."

Simba akanyoosha shingo. "Nilijua tu watashukuru. Kuna hotuba?"

"Kuna muziki, bwana. Kila aina itapita mbele yako, na Fisi, mjuzi wetu, atakuonyesha kwa mkono pale moja inapokwisha na nyingine inapoanza. Umejitahidi kuzitenganisha, ni vizuri ujionee."

Kesho yake wanyama wote walikusanyika mbele ya mlango wa ua. Simba alikaa juu ya jiwe. Fisi alipewa nafasi ya heshima karibu naye, akaikalia kwa kujitanua.

Tembo akaanza. Mguu wake ukashuka, du, du, du.

"Ngoma," alisema Fisi, na Simba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Kanga akaingia. Hakubadili chochote, alichakura tu juu ya mdundo uleule wa Tembo, kisha akafungua mdomo. Bi Korongo, aliyekuwa akingoja zamu yake, akajikuta anaitikia kwa chini. Kidole cha Tumbili kikagusa uzi mmoja wa gitaa, kisha wa pili. Vifaranga wakapokea kiitikio, na vyura, ambao hawajui kukipita kiitikio, wakapokea nao.

"Mjuzi wetu," Sungura alimwambia Fisi kwa adabu, "ukifika mpaka wa ngoma na taarabu, nyanyua mkono. Wa ngoma tutawatoa nje."

Fisi akanyanyua mkono.

"Bado!" Tembo akapaza sauti. "Huo unaousikia ni mguu wangu."

Fisi akaushusha. Akasubiri, akakunja uso, akanyanyua tena.

"Umechelewa," alisema Bi Korongo bila kufumbua jicho. "Mimi nimeanza zamani."

"Na dansi je?" aliuliza Tumbili. "Au mimi hamnisikii?"

Mkono wa Fisi ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, hata wale waliokuwa nyuma wakadhani anacheza, wakaanza kumwiga. Vumbi likatimka. Tembo wa miguu na tembo wa mkonga wakajikuta wamesimama bega kwa bega, na hakuna aliyekumbuka kukasirika. Simba mwenyewe, mkia ukipiga jiwe, alishindwa kujizuia. Akanguruma, na mngurumo wake ukaanguka palepale mdundo ulipoutaka.

Muziki ukakatika, wote wakamgeukia.

"Mjuzi wetu," alisema Sungura polepole, "na huo ni wa aina gani?"

Simba akageuza kichwa. "Ndiyo. Mimi ni wa aina gani?"

Fisi akayatazama makucha ya Simba. Akisema ni kelele, ataliwa. "Bwana ni… ni wa ngoma."

"Basi bwana atakunywa siku ya ngoma tu," alisema Sungura. "Na leo ni siku ya nini?"

"Leo ni mdundo wa ndani," alijibu Fisi kwa sauti ndogo.

"Wenye mdundo wa ndani ni akina nani?" Simba aliuliza.

"Ni mimi."

"Na nani mwingine?"

"Na mimi, bwana."

"Na wa mahadhi mapana?"

"Na huko pia nimo."

Simba akateremka kutoka kwenye jiwe. Fisi, alipoona makucha yale yakija, akabadili maneno haraka. "Nimekosea, bwana! Mngurumo wako si ngoma peke yake. Ndani yake mna ngoma, mna taarabu, mna dansi, mna kwaya. Zote zimo!"

"Katika sauti moja?" Sungura aliuliza.

"Katika sauti moja!"

"Na hazigombani, bwana?"

Simba akajigusa kifua, akafikiri. "Hazijawahi," alisema kwa fahari.

Bi Kanga akasogea mbele, watoto wakimfuata nyuma. "Basi, bwana, na mimi ni hivyohivyo," alisema. "Ila kwa sauti ndogo."

Simba alimtazama kuanzia kichwa hadi miguu. Hakuwa na mazoea ya kufanana na mtu, sembuse kanga. Kisha akaupita mlango, akaingia ndani ya ua. Nyuma ya miiba alikuta masega ya asali, ndizi, nyama iliyokaushwa na mifupa iliyosafishwa vizuri. Karibu na hivyo vyote, tope la ukingoni lilikuwa na alama ya kifua cha mtu mmoja aliyekuwa akiingia kuogelea.

"Ng'oeni ua," alisema.

Haukuchukua muda. Tembo wa miguu waliukanyaga na tembo wa mkonga wakautupa. Vifaranga wa Bi Kanga ndio waliotangulia kufika majini, na hakuna aliyewauliza kitu. Ikapitishwa kwamba wataimba pamoja alasiri, kisha wanyamaze bwana alale. Bi Korongo alilalamika kwamba Tembo anamharakisha, na Tumbili akalalamika kwamba Bi Korongo anamchelewesha, lakini walilalamika wakiwa wameloa.

Fisi alikuwa akinyemelea upande wa pili wa bwawa, ulimi nje, Simba alipomwita.

"Wewe rudi pale. Sheria yako nimewaondolea wengine, wewe nimekuachia. Utakunywa ukishatuonyesha mpaka uko wapi."

Muziki ukaanza tena. Fisi akaketi juani, mkono mmoja hewani, akisikiliza kwa nguvu zake zote. Akiunyanyua, wanasema bado. Akingoja, wanasema umepitwa. Alasiri nzima ilikwenda hivyo, na karibu yake kila mtu alikunywa, akacheua, akanywa tena.

Jua lilipopoa, Bi Kanga alichota maji kwa kibuyu, akamsogelea.

"Nimekuletea ya kunywa," alisema. "Unataka ya ngoma au ya taarabu?"

"Yoyote, mama," alisema Fisi, na sauti yake ilikuwa kavu kama jani. "Yoyote."

"Hiyo aina hatuna," alisema Bi Kanga.

Kisha akamwekea kibuyu chini, akarudi kwenye wimbo wake. Fisi aliushusha mkono uliokuwa hewani, akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akanywa.