Nani Apewe Simu Mpya ya Nakijwa?

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mgongoni amshushe kwanza, maana hadithi hii inaishia kwenye swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare waliishi majirani watatu.

Bibi Nanzia alikuwa na kitochi, kisimu kidogo cha vibonyezo, kimefungwa mpira ili betri isidondoke. Kilikaa na chaji wiki nzima, na kule bondeni alikoishi, ambako simu nyingine zote zilikuwa mapambo, chenyewe kilishika mtandao.

Sifueli, fundi cherehani wa juu kilimani, alikuwa na simu ya kugusa ya miaka mingi. Kioo kimepasuka, amekibandika selotepu, lakini kamera yake iliona kuliko macho ya mwenyewe.

Namsifu hakuwa na simu, wala hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa na miguu. Alishuka mlima na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga tone.

Jirani wa Bibi Nanzia alikuwa Nakijwa, mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili, Mbonea. Mumewe alifanya kazi mjini.

Sasa, kijijini hapo kopo la dawa ya kuogeshea mbuzi lilikuwa moja kwa kaya nyingi. Lilipita nyumba hadi nyumba, na kila mama alijimiminia kidogo kwenye chupa yoyote iliyopo. Asubuhi moja Nakijwa alijimiminia kwenye chupa ya soda, akaiweka chini, akaenda kufungua mbuzi. Aliporudi, Mbonea alikuwa ameikumbatia chupa, kidevu kimelowa, povu mdomoni.

Nakijwa akakamata simu yake, simu nzuri tu ya kugusa. Ikazunguka, ikazunguka, haikushika kitu. Akapiga mayowe.

Bibi Nanzia akatoka na kitochi chake, akampigia daktari wa kituo cha afya.

“Msimtapishe!” daktari akasema. “Mlazeni ubavu, mleteni. Ni dawa gani? Nahitaji jina lililo kwenye kopo.”

Kopo lilikuwa limeshapanda kwa Sifueli. Bibi akampigia huko, akamtajia na namba ya daktari.

Sifueli akaacha gauni la mtu kwenye cherehani, akalisaka kopo. Maandishi yalikuwa madogo kama chawa, nusu yamefutwa na matone. Akayapiga picha, akaikuza, akaituma kwa daktari. Daktari akaijua sumu ile. Dawa yake haikuwepo kituoni, akaagiza pikipiki iilete mbio kutoka hospitali ya wilaya.

Namsifu naye alikuwa ameyasikia mayowe akitoka kisimani. Akatua ndoo, akamfunika mtoto kwa khanga yake, akamkumbatia kifuani, uso umegeuzwa pembeni, akashuka naye njia ya miguu hadi kituoni. Hakumtikisa. Nakijwa alimfuata nyuma akijikwaa kwenye kila jiwe.

Mtoto na dawa vilifika kwa pamoja. Siku ya tatu Mbonea aliomba uji.

“Ingekosekana simu ile,” daktari alimwambia Nakijwa, “au picha ile, au miguu ile, mama, tusingekuwa hapa tunacheka.”

Mwisho wa mwezi mumewe akaja na boksi.

“Mama Mbonea, tupa hiyo simu yako. Hii ni mpya kabisa, ina kamera tatu.”

“Bondeni hapa itashika mtandao?”

Mumewe akakuna shingo. “Ukipanda juu kilimani, itashika.”

“Hata hii yangu kilimani inashika, baba Mbonea.”

Tangu hapo Nakijwa hakutulia. Alilifungua boksi, akalifunga. Alifagia palipofagiwa. Hatimaye akasema, “Hii wapewe waliomwokoa mtoto.”

“Ni yako, mpe umtakaye. Lakini simu haikatwi mapaja na vidari kama kuku. Chagua mmoja.”

Akawaita wote watatu kwa chai.

“Mimi lisimu hili linanifaa nini, mwanangu?” Bibi Nanzia akasema. “Kila jioni linalilia chaji kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ila mkinipita, nijue nimepitwa kwa sababu kisimu changu ni cha kizee. Siku ile hakikuwa cha kizee.”

“Bibi, wewe unataka heshima, mimi nataka simu,” Sifueli akasema, akionyesha kidole kilichokatwa na kioo. “Hii yangu inazima yenyewe mara nne kwa siku. Ikifa kabisa, nani atasoma kopo?”

“Vaa miwani, fundi! Juzi ulinishonea mkono mmoja mrefu,” Bibi akamrudishia.

Wakacheka wote, isipokuwa Namsifu. Alikuwa akipuliza chai iliyokwisha kupoa.

“Sema na wewe, dada,” Nakijwa akamsihi.

“Nyie mna simu mnagombea simu,” Namsifu akasema taratibu. “Mimi niliitwa kwa mayowe. Ningekuwa shamba la mbali, mngeniita na nini?”

 Mumewe Nakijwa akamwinamia mkewe. “Baki nayo wewe. Wewe ndiye mwenye mtoto.”

“Mimi ndiye niliyeiacha chupa chini,” Nakijwa akajibu.

Akasimama, boksi mikononi. Akapiga hatua kwa Bibi, akasita. Akamgeukia Sifueli, akasita. Akamtazama Namsifu, naye Namsifu akaangalia chini. Nakijwa alijua atakayempa atamfurahisha, na wawili watarudi nyumbani wakidhani amepima mchango wa kila mmoja katika uhai wa mwanawe, na wao wakapungua.

Basi mimi nimemwacha amesimama hapo, miguu inamuuma. Wewe unayesikiliza, msaidie. Apewe aliyepiga simu, aliyepiga picha, au aliyembeba mtoto? Au simu irudi dukani, maana simu za zamani zilitosha? Je, wewe ungeamua vipi?