Somo Moja tu Litarudi

Kaeni vizuri mnisikilize, na leo msitarajie niwachekeshe, maana kisa hiki kila nikikisimulia damu inanichemka.

Kulikuwa na wavulana watatu katika shule moja ya bweni huko Njombe, shule ya wavulana watupu. Luhende alikuwa mwimbaji. Akianzisha wimbo, hata asiyejua kuimba hujikuta anaitikia. Shekivuli alikuwa mwigizaji. Mwonyeshe mtu yeyote, atakurudishia sauti yake, mwendo wake na hata kikohozi chake. Ngonyani alichora. Mpe mkaa na ukuta, basi, umemaliza.

Sasa mkuu wa shule yao, Bwana Mtafya, aliamka siku moja akafuta muziki, maigizo na uchoraji kwenye ratiba. Akasema mstarini, mbele ya shule nzima, "Mimi nalea wanaume hapa. Kuimba na kuchora maua waachieni dada zenu." Na wapo waliocheka! Vyumba vyote vitatu vikajazwa madawati mabovu. Madawati mabovu, jamani, ndiyo yaliyoonekana yana maana kuliko watoto wa watu.

Muhula haujaisha, mvulana wa kidato cha pili, Mbwilo, akashikwa na homa kali. Akalazwa chumba cha wagonjwa, wenzake wakakatazwa kuingia. Ni Ngonyani peke yake aliyeruhusiwa kumpelekea uji. Wavulana walipomwomba mkuu gari la shule limpeleke mwenzao hospitali, akawajibu, "Anajifanya yule. Anakimbia mtihani." Chumba cha wagonjwa kipo nyuma ya ofisi yake, na hakwenda hata kuchungulia!

Basi wavulana wakaokota mawe. Mchana kweupe wakaizingira ofisi, na mkuu akajifungia ndani, akawapigia simu polisi. Lingerushwa jiwe moja tu, kesi ingekuwa ya vioo, watoto wangefukuzwa shule, na Mbwilo angekata roho huku wakubwa wanaandika maelezo.

Ndipo Luhende alipoanzisha wimbo wa mchakamchaka. Shule zetu mnazijua: ule wimbo wa kukimbia asubuhi umeshaingia miguuni, ukiusikia unaitikia na kujipanga kabla hujafikiri. Wakaitikia. Wakakimbia kuzunguka uwanja, mawe yakawachosha mikono, wakayaangusha njiani. Waliporudi mbele ya ofisi walikuwa wamejipanga wawili wawili, wanahema.

Lakini mlango ulikuwa bado umefungwa. Shekivuli akapanda barazani akawa mkuu wa shule, tumbo mbele, miwani puani. "Anajifanya! Anakimbia mtihani!" Akajitupa chini akawa Mbwilo, anaomba maji. Akainuka akawa mkuu tena, anamruka mgonjwa kwenda kunywa chai. Wavulana walicheka sana, kisha wakaacha kucheka. Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Nani kakuruhusu kunidhihaki?" mkuu alifoka. "Huu ni mchezo tu. Mtoto yule hana kitu!"

Ngonyani akanyoosha kidole nyuma ya wenzake. Wakati wenzake wanakimbia na kucheka, yeye alikuwa amechukua mkaa jikoni na kuchora kwenye ukuta wa bwalo, unaotazamana na ofisi. Wavulana wakapisha, na mkuu akauona uso wa Mbwilo: macho yamedidimia, midomo imepasuka, shingo imekonda kama ya mzee. Akautazama. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akamwita dereva.

Daktari aliwaambia, "Mngechelewa mpaka jioni, mngeniletea maiti." Mbwilo akatibiwa, akapona.

Mngedhani mkuu alijifunza. Thubutu! Bodi ya shule ilipomwagiza arudishe masomo yale, alisimama mstarini akatangaza, "Nina chumba kimoja na nafasi ya mwalimu mmoja. Litarudi lile somo lililomwokoa huyu mwenzenu. Mengine, kwaheri. Mbwilo, njoo mbele uchague."

Mnauona ubaya huo? Mtoto hata nguvu hazijamrudia vizuri, anasimamishwa mbele ya shule nzima achinje masomo mawili!

Luhende akamwambia, "Ndugu yangu, nisingeimba, mawe yangeruka, na nani angekukumbuka tena?"

"Na mimi nisingeigiza," Shekivuli akadakia, "mngeimba nje ya mlango mpaka polisi wafike."

Ngonyani akasema polepole, "Angetoka, angefoka, angerudi ndani. Gari asingelitoa. Mbwilo, mimi ndiye niliyekuona."

Watatu hao walikuwa wakila sahani moja. Asubuhi ile walisimama mbalimbali, hakuna anayemtazama mwenzake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Msiniambie "yote matatu yarudi." Hata mimi ndivyo ningesema, tena kwa sauti ya juu, lakini Mbwilo hakupewa nafasi hiyo. Akinyamaza, hakuna litakalorudi. Akitaja moja, mawili yanazikwa, na waliomwokoa wanamsikia.

Haya, wewe uliyekaa hapo unanitazama: ungekuwa Mbwilo, ungetaja somo lipi? Na ukishalitaja, hao wawili uliowaacha ungewatazamaje usoni?